Uvimbe kwenye ngozi ya mbwa mzee: upi wa kuuacha, upi wa kuukimbilia



Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa aibu kidogo, mwisho wa mazungumzo, tukishamaliza habari za ng'ombe na kuku. "Halafu bwana mifugo, yule mbwa wangu mzee ana uvimbe ubavuni. Tumwache tu?" Aibu yenyewe naielewa. Mbwa hapelekwi mnadani wala hakamuliwi, na mtu anaogopa kuchekwa akimtafutia matibabu. Lakini wewe unayelima mpunga Idete, Namwawala au ng'ambo ya mto kuelekea Lupiro unajua ukweli wa mambo. Msimu ukianza unahamia shamba miezi kadhaa, unalala dunguni, na anayezunguka mpaka wa shamba usiku nguruwe pori wakishuka ni huyo mbwa. Mbwa mwenye miaka minane aliyezoea kazi hiyo hapatikani kwa kununua. Ukimpoteza, utalea mtoto wa mbwa miaka miwili kabla hajaanza kukufaa.

Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya uvimbe wa ngozi. Niseme mapema kwamba mimi ni afisa ugani wa mifugo, si daktari wa upasuaji. Ninachoweza kukusaidia ni kujua lini ukae utulie na lini umtafute daktari wa mifugo haraka. Uvimbe mwingi kwa mbwa mzee hauui. Michache inaua, na kwa kuutazama tu kwa macho huwezi kutofautisha, wala mimi siwezi.

Anza na mkono. Subiri mbwa akiwa ameshiba na ametulia kivulini, mtu aliyemzoea amshike kichwa, na kama ana tabia ya kung'ata mfunge mdomo kwa kitambaa laini, legezo kiasi cha kumwezesha kupumua. Mbwa mpole akiguswa penye maumivu hung'ata hata aliyemlea. Pitisha viganja kuanzia chini ya taya, shingo, makwapa, kifua, tumbo, kila chuchu, mapaja, hadi mkia. Ukikuta uvimbe, usiubinye. Ushike taratibu kwa vidole viwili ujue mambo haya: ni laini au mgumu, unateleza chini ya ngozi au umenata kwenye nyama na mfupa, una joto, unamuuma, ngozi ya juu ni nzima au imepasuka. Kisha upime kwa rula ya mtoto wa shule au futi ya fundi cherehani, uandike ukubwa na tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Kumbukumbu ya "ulikuwa mdogo mdogo hivi" haimsaidii daktari. "Tarehe 3 sentimita moja, mwezi uliofuata sentimita mbili" inamsaidia sana.

Unaokutana nao mara nyingi kwa mbwa wazee walioshiba, hasa wale wa buchani na wa kwa mama lishe, ni uvimbe wa mafuta. Ni laini kama embe lililoiva, unateleza ukiusukuma, haumuumi, na hukaa kifuani, ubavuni, tumboni au kwapani. Unakua polepole sana, pengine kwa miaka. Huu mara nyingi huachwa. Unaondolewa ukiwa mahali panapomzuia kutembea, kama kwapani, au ukianza kukua kwa kasi.

Wa pili ni kifuko cha ngozi. Tundu la unyweleo au la tezi ya mafuta linaziba, uchafu unajikusanya ndani, kinatokea kinundu cha mviringo chenye ukubwa wa punje ya harage, pengine kama gololi. Ndani kuna kitu kizito kama uji uliolala, cheupe au cha kijivu, na kina harufu. Hapa ndipo vidole vya watu huwasha! Kila mtu anataka kukikamua. Usikikamue. Ukikibinya kinaweza kupasukia ndani, chini ya ngozi, na mwili wa mbwa ukakishambulia kama mwiba. Kilichokuwa kinundu kisicho na shida kinageuka kidonda cha wiki nyingi. Kikipasuka chenyewe kwa nje, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, safisha mara mbili kwa siku na mzuie asijilambe. Kikirudi kila mara mahali palepale, daktari atakitoa pamoja na mfuko wake. Bila kuutoa mfuko, kitajaa tena.

Mbwa mzee pia huota vinyama vidogo kama chunjua kwenye kope, kichwani na mgongoni. Kama havitoki damu na havimkeri, mwache navyo. Usivifunge uzi ili vikatike. Nimeona uzi uliozama kwenye nyama na kidonda kikaoza.

Uvimbe uliotokea ghafla, ndani ya siku mbili au tatu, wenye joto na maumivu, mara nyingi ni jipu: ameng'atwa na mbwa mwenzake, amechomwa na mti, au ametobolewa na pembe ya nguruwe pori. Unahitaji kufunguliwa vizuri na dawa ya kuua vijidudu, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kata yako. Lakini kabla hujashika jipu la kung'atwa jiulize nani alimng'ata, na mbwa wako alichanjwa lini. Wengi mnakumbuka mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioendeshwa kusini mashariki mwa Tanzania kati ya 2010 na 2015, uliofika na huku kwetu. Mbwa waliochanjwa siku zile karibu wote wameshakufa au ni wazee sana, na chanjo ile ya zamani haiwalindi waliozaliwa baadaye. Mbwa mgeni asiyejulikana akimng'ata wako, toa taarifa kabla hujatibu kidonda. Na wewe ukikwaruzwa au kung'atwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atabadilika.

Kuna kinundu kingine ambacho wageni hukishangaa, sisi tumekizoea. Chenyewe ni chekundu, kina tundu dogo katikati, na ukikitazama kwa makini unaona kitu kinasogea tunduni. Huyo ni buu wa inzi wa embe. Inzi huyu hutaga mayai kwenye udongo mkavu na mchanga wenye harufu ya mkojo, na pia kwenye nguo zilizoanikwa kivulini. Mbwa akilala hapo, buu huingia ngozini, hukaa zaidi ya wiki akikua. Paka vaselini nene juu ya tundu, subiri karibu nusu saa. Akikosa hewa atajitokeza, ndipo umsukume taratibu kutoka pande zote mbili. Ukimvuta kwa nguvu akakatikia ndani, utapata jipu la kweli. Fagia anapolala mbwa, badilisha gunia lake, lianike juani. Na nguo za watoto zipigwe pasi, maana inzi huyohuyo hachagui mbwa na mtu.

Sasa nifike kwenye yale yanayonitia wasiwasi.

Kwanza, uvimbe ambao si wa ngozi. Ukikuta vinundu viwili vinavyofanana, kushoto na kulia, chini ya taya, mbele ya mabega, au nyuma ya magoti, hayo ni matezi yaliyovimba. Maana yake kuna jambo mwilini mzima. Bonde letu bado lina mbung'o kwenye mapori, na mbwa anayekaa dunguni karibu na pori anaweza kupata ndorobo kama ng'ombe. Hukonda, hupauka fizi, hupata homa inayokuja na kuondoka, na jicho hufanya ukungu wa rangi ya maziwa au bluu. Watu husema "amezeeka, macho yameingia ukungu", kumbe anakufa kwa ugonjwa unaotibika. Homa zinazoletwa na kupe nazo huvimbisha matezi. Inatakiwa damu ipimwe kwa hadubini.

Hapa naomba ndugu zangu wenye maduka ya dawa za mifugo mnisikilize. Mtu akija na kusema mbwa wake ana ndorobo, usimpimie kwa kukisia dawa ya ng'ombe yenye diminazini. Mbwa ana uvumilivu mdogo wa dawa hiyo. Dozi ikizidi, au ikirudiwa siku za karibu, inaharibu ubongo: anayumba, anapata degedege, anakufa. Inapotumika kwa mbwa, inapimwa kwa uzito wake halisi na mtu aliyesomea. Ni vivyo hivyo kwa dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake, na mbwa mzee ndiye anayewahi kuzidiwa.

Pili, damu inayodondoka sehemu za siri. Jike mzee anadondosha damu mwezi mzima na mwenye naye anadhani yuko kwenye joto. Dume anatoa damu na anadhaniwa amejichoma. Ukichungulia unakuta nyama nyekundu iliyoota kama ua la koliflawa, inayotoka damu ukiigusa. Hii ni saratani ya kuambukizana ya mbwa, na ni kitu cha ajabu kweli. Saratani nyingine huzaliwa ndani ya mwili wa mgonjwa na kufa naye. Hii yenyewe huhama: chembe hai za saratani hutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wakati wa kupandana, kunusana na kulambana. Wataalamu wa vinasaba wamegundua kwamba zote duniani zilitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Ndiyo maana wakati mwingine unaikuta puani, mdomoni au kwenye ngozi. Haimpati binadamu. Mbwa wetu wanazurura na kupandana ovyo, kwa hiyo ipo.

Habari njema ni kwamba ndiyo saratani inayotibika kuliko nyingi. Dawa ya vinkristini, sindano moja kwa wiki kwenye mshipa, kwa kawaida wiki nne hadi sita, huwaponya mbwa walio wengi. Ni dawa kali. Ikitoka nje ya mshipa huunguza nyama, na mchomaji lazima avae glavu. Si dawa ya kumwomba rafiki yako akuchomee nyumbani. Wiki za matibabu mfunge, usimwache azurure.

Tatu, na hili nitakaa nalo kidogo, ni uvimbe wa chuchu kwa jike ambaye hajatolewa kizazi. Hapa kanuni yangu ya kuandika kwenye kalenda na kusubiri haifanyi kazi. Takriban nusu ya uvimbe wa matiti kwa mbwa ni saratani, na saratani hiyo hupenda kuhamia mapafuni. Ukubwa unaamua mengi: ukiondolewa ungali chini ya sentimita tatu, nafasi ya kupona ni kubwa kuliko ukishapita hapo.

Mama mmoja anayefanya biashara ya mchele Kibaoni ana jike wa miaka tisa anayelinda mashine na stoo. Wakati wa mavuno alimkuta na kitu kama kunde karibu na chuchu ya mwisho. Shemeji yake akashauri wakichome kwa kisu kilichowekwa motoni, kama babu zao walivyofanya. Mama yule alikataa, akapima, na wiki nne baadaye kunde ilikuwa imefikia punje kubwa ya harage. Aliponipigia simu nilimwambia asipime tena, atafute safari. Ikawa shida nyingine: kondakta gani atapokea mbwa? Akaongea na dereva wa lori la mchele linalokwenda Morogoro, mbwa akasafiri juu ya magunia, zaidi ya kilomita 200, hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wakampima damu, wakapiga picha ya kifua kuona kama mapafu ni safi, wakamfanyia upasuaji. Kipande kilichokatwa kikapelekwa maabara, na majibu yakasema ni saratani, ila kingo zake zilikuwa safi, maana yake haikuonekana kubaki kitu. Alishona nyuzi kwa siku 12, amevishwa fulana kuukuu ya mtoto ili asijilambe. Mpaka ninapoandika anabweka kwenye stoo ileile. Mama anaendelea kumpapasa kila mwisho wa mwezi, siku anayofunga hesabu, kwa sababu chuchu nyingine bado zipo.

Shemeji hakufurahishwa na gharama. Nilimwelewa pia, pesa ile ingenunua magunia. Lakini mama alijibu kwamba magunia yale angeyanunua ili yaibiwe.

Ukitaka kuzuia hili kwa majike wachanga, watolewe kizazi mapema. Kabla ya joto la kwanza kinga yake ni kubwa sana, na kila joto linalopita linaipunguza. Na tafadhali, msiwachome mbwa sindano za uzazi wa mpango za binadamu ili wasizae. Homoni zile huongeza uvimbe wa matiti na usaha kwenye kizazi.

Nne, ogopa uvimbe wowote unaobadilika. Leo mdogo, kesho umefura, keshokutwa umenywea, mwekundu, unamwasha. Kuna saratani ya ngozi yenye tabia hiyo hasa, na ukiifinyafinya inamwaga kemikali zinazovimbisha na kuleta damu. Mwingine ni ule mgumu ulionata mfupani, au unaoongezeka maradufu ndani ya mwezi, au kidonda kisichopona juu yake. Hao wote ni wa daktari, wiki hiihii.

Daktari akikupokea, kipimo cha kwanza si kisu. Atachoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, atavuta chembe chache, atazipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Mara nyingi hahitaji hata ganzi. Omba kipimo hicho kama hakijatajwa, maana ni cha bei ndogo kuliko upasuaji na kinaweza kukuambia kwamba upasuaji hauhitajiki. Na ukifanyika upasuaji, omba kilichokatwa kisitupwe, kiwekwe kwenye fomalini kipelekwe maabara. Uliza bei yote mapema, pamoja na vidonge vya baadaye na kutoa nyuzi. Mbwa asile usiku wa kuamkia upasuaji.

Kuhusu chuma cha moto, maji ya betri, oili chafu na mafuta ya taa: sijaona uvimbe uliopona kwa hivyo. Moto huunguza ngozi ya juu na kuacha mizizi chini, na mbwa hulamba oili na kuumeza ugonjwa mwingine. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, mbwa akiwemo.

Wapo wenye mbwa wa miaka 12 au 13, mapafu yameshaingiliwa, au safari ya Morogoro haiwezekani kabisa. Kutofanya upasuaji ni uamuzi halali, na asikuaibishe mtu. Mpe chakula laini, maji karibu, kivuli, kidonda kisafishwe na nzi wasikisogelee, na daktari akupe dawa ya maumivu ya mbwa. Angalia mambo matatu kila siku: anakula, anasimama mwenyewe, anakuja ukimwita. Siku mbaya zikizidi siku nzuri, mwite mtaalamu amlaze kwa sindano. Sumu ya panya inachukua siku kadhaa za mateso, na kunguru au mbwa wa jirani akila mzoga naye anakufa. Mfukie shimo refu, mbali na kisima.

Jambo moja la kalenda yetu. Mvua zikikolea, vijiji vya bondeni havifikiki kwa gari, na uvimbe utakaougundua Februari ukiwa dunguni huenda usimfikie daktari hadi maji yapungue. Kwa hiyo mpapase mbwa wako mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kabla hujabeba jembe na sufuria kuhamia shamba, siku hiyohiyo mpate na chanjo ya kichaa kwa afisa mifugo wa kata. Ukimleta kwangu, mlete asubuhi kabla ya jua kali, na uje na ile kalenda.